MKONO WA MTU WODINI

Kijana wa Majengo au Pasua anaanguka na pikipiki, anavunjika mguu, anapasuliwa. Siku chache baadaye kidonda kinatoa usaha. Nyumbani watasema ni mkono wa mtu. Kweli, huenda ni mkono wa mtu: ule ambao haukunawa.

Hatubahatishi. Utafiti uliofanyika KCMC na kuchapishwa mwaka 2003 ulifuatilia wagonjwa 396 waliopasuliwa. Kati yao 77, karibu mmoja katika kila watano, walipata maambukizi kwenye kidonda. Wengine 28 kati ya hao waligundulika wakiwa wamekwisha ruhusiwa kwenda nyumbani. Tunaipongeza hospitali iliyokubali kuhesabiwa. Je, hizo nyingine zinahesabu?

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa katika kila wagonjwa 100 wanaolazwa, 7 huambukizwa hospitalini katika nchi tajiri, na 15 katika nchi kama yetu. Tofauti hiyo haikuletwa na Mungu. Ni maji, sabuni, glavu, usafi wa vyombo na idadi ya wauguzi.

Tena dawa yake ni ya kale. Mwaka 1847 mjini Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliwaamuru wenzake wanawe kwa maji ya klorini kabla ya kumgusa mama mzazi. Vifo vikashuka.

Tusimtwishe nesi lawama. Mmoja ana wodi nzima na bomba limekauka, anawe kwa mate? Aulizwe anayeshika mfuko. Tunaishi chini ya mlima unaotiririsha maji, na babu zetu walichimba mifereji bila mfadhili. TPC wanatoa molasi, na molasi hutoa spiriti ya kutengenezea dawa ya kunawia. Tumekwama wapi? Fedha za mashangingi hazikosi, za sabuni ndizo zinasubiri msaada.

Tunadai mambo mawili. Kila hospitali, kuanzia Mawenzi mjini hadi zilizoko milimani, itangaze kila mwaka ni wagonjwa wangapi walioambukizwa ndani yake. Fungu la maji na sabuni litengwe, lisiguswe.

Nawe kijana, ukimuuguza mzazi, uliza kwa heshima: "Sista, samahani, umenawa?" Na mwomba kura akifika kijiweni, kabla hujapokea fulana yake, muulize maji ya wodini yako wapi.