Tuachieni Gemu, Tufungulieni Kufuli

Kila mwaka jarida hili la chama chetu cha Kiswahili huchapisha hoja kuhusu mihadarati, mazingira na ufisadi. Mada hizo ni nzito na sizibezi hata kidogo. Mwaka huu, hata hivyo, nimemwomba mhariri nafasi nizungumzie jambo ambalo wazazi na walimu wakilisikia hukunja uso kama waliolamba ndimu. Nazungumzia michezo ya video, au gemu, kama tunavyoziita sisi vijana wa hapa Migori. Mimi ni msichana wa Kidato cha Tatu, napenda gemu, na sioni haya kulitamka hilo mbele ya hadhira.

Hoja yangu ni moja tu. Gemu yenyewe haina ubaya. Ubaya uko katika kufuli lililotiwa ndani yake. Tukilifungua kufuli hilo, gemu itatufunza mengi kuliko wanavyodhani wanaotukemea.

Tuanze na mizizi. Kuna wanaodai kwamba mchezo wa kukaa kitako ni uvivu ulioletwa na wageni. Je, wamesahau ajua? Kabla ya stima kufika kwetu, wazee wa Kijaluo walicheza ajua, yaani bao, chini ya mti. Mcheza ajua huhesabu mbegu, hukumbuka kila shimo lina ngapi, na huwaza hatua tatu mbele kabla ya kunyoosha mkono. Hakuna aliyesema mzee huyo anapoteza wakati. Walisema ana akili. Tena ajua halina kufuli. Ukikosa ubao, unachimba mashimo ardhini, unaokota kokoto, na mchezo unaanza. Hakuna wa kukutoza ada, na mkikubaliana kubadilisha sheria, mnabadilisha.

Sasa twende Homa Bay, ambako mimi hupitisha likizo kwa shangazi yangu. Mjini huko, kama ilivyo hapa Migori, kuna vibanda vya gemu. Chumba kimoja cha mabati, runinga mbili au tatu, mashine za PlayStation zilizozeeka, na viti vya plastiki. Unalipa mbao kwa mechi moja ya mpira, ukishindwa unampisha mwenzako. Joto la ziwa na jasho la vijana ishirini, jamani, si mchezo! Lakini wanaokaa humo ni watoto wa watu, wana akili, na ukiwasikiliza wakijadili mbinu za kushambulia utadhani uko kwenye kikao cha makocha.

Wavulana wakiniona naingia hunipa padi mbovu. "Sista, hiyo ndiyo imebaki," wanasema huku wakicheka. Padi mbovu ni ile ambayo hujaigusa lakini mchezaji wako anatembea mwenyewe, anaelekea nje ya uwanja kama mlevi aliyetoka kwenye busaa. "Omera, hiyo padi ina jini!" mmoja hupiga kelele.

Hakuna jini, ndugu zangu. Nimeuliza fundi akanifungulia padi moja nikaona kwa macho yangu. Chini ya kile kijiti tunachosukuma kwa dole gumba kuna kifaa kidogo kiitwacho potentiometa. Ndani yake kuna ncha ya chuma inayosugua utepe mwembamba wa kaboni, na mashine husoma mahali ncha ilipo ili ijue umesukuma upande gani. Sugua mara elfu nyingi, ongeza vumbi la barabarani, utepe unalika. Hapo kifaa huanza kusema uongo kwamba umesukuma ilhali mikono umeiweka kifuani. Basi!

La kukera ni kwamba dawa yake inajulikana zamani. Mwaka 1998 kampuni ya Sega ya Japani ilitoa mashine iitwayo Dreamcast, na padi yake ilitumia sumaku badala ya utepe. Sumaku haigusani na kitu, kwa hiyo hailiki. Leo ziko kampuni ndogo zinazouza padi za sumaku, lakini padi zinazokuja pamoja na mashine za PlayStation 5 bado zina vile vifaa vya kusuguana. Mnunuzi analipa, padi inakufa, analipa tena. Hilo ndilo kufuli la kwanza: kitu ni chako, ila uamuzi si wako.

Kufuli la pili liko katika programu. Gemu nyingi tunazocheza zimefungwa kabisa. Huwezi kuona zilivyoandikwa, huwezi kuzibadilisha lugha kama mwenye kampuni hakutaka, na mashine nayo huamua utumie padi gani. Sisi ni wapangaji wa milele.

Hapa ndipo Linux inapoingia. Msishtuke, si jina la dawa. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, Linus Torvalds, akiwa na umri wa miaka 21, alianza kuandika kiini cha mfumo wa kuendesha tarakilishi. Mwaka uliofuata akakiweka chini ya leseni inayompa kila mtu haki ya kukisoma, kukibadilisha na kukigawa. Watu wa mataifa mengi wakaingia mzigoni naye. Leo kila simu ya Android, pamoja na ile aliyoibeba mama samaki pale ufukweni Homa Bay, ina kiini hicho. Tangu Novemba 2017 tarakilishi zote 500 zilizoorodheshwa kuwa na nguvu zaidi duniani zinaendeshwa kwa Linux. Kwa hivyo anayesema Linux ni ya wataalamu pekee, mwambieni atazame mfukoni mwake.

Na padi je? Ndani ya kiini cha Linux mna programu za kuzitambua padi za aina nyingi. Mwaka 2021 kampuni ya Sony yenyewe ilichangia programu ya kuitambua padi ya PlayStation 5, na ile ya PlayStation 4 nayo inatambulika. Unachukua padi, unaichomeka kwa waya wa USB, inafanya kazi bila diski wala nenosiri. Ile yenye "jini" unaweza kuiwekea mpaka, ukaiambia tarakilishi ipuuze mtikisiko mdogo wa kijiti. Utepe hautapona, lakini padi itaishi miezi zaidi, na kwa mtoto wa maskini miezi ni kitu.

Sitaki kuwadanganya, maana mficha uchi hazai. Linux ina upungufu wake kwa mcheza gemu. Tangu FIFA 23, iliyotoka mwaka 2022, ule mchezo wa mpira tunaoupenda una programu ya kuwazuia wadanganyifu ambayo haikubali Linux. Jina lilipobadilika kuwa EA Sports FC mwaka 2023, tabia haikubadilika. Fortnite nayo ni vivyo hivyo. Ukitaka hizo, Linux haitakufaa. Gemu nyingine nyingi zilizoandikiwa Windows, hata hivyo, hufanya kazi kwa msaada wa programu ya Wine, iliyoanza mwaka 1993, na ya Proton, ambayo kampuni ya Valve ilitoa mwaka 2018. Valve ilikwenda mbali zaidi ikaunda mashine ya mkononi, Steam Deck, iliyoanza kuuzwa mwaka 2022 na inayoendeshwa kwa Linux. Kampuni haiwezi kutia mali yake mahali pasipo na faida.

Isitoshe, ziko gemu huria ambazo hazidai hata ndururu. SuperTuxKart ni ya mbio za vigari, na marafiki wanaweza kucheza pamoja kwa runinga moja. The Battle for Wesnoth, iliyoanza mwaka 2003, ni ya vita vya kupanga kwa zamu, hatua kwa hatua kama ajua, na haihitaji tarakilishi ya nguvu. Katika 0 A.D. unaweza kuongoza dola za kale, ikiwemo Kushi ya Afrika kule Sudani. Wangapi kati yetu walijua kwamba Waafrika wa Kushi walijenga piramidi? Historia hiyo niliipata kwa kucheza.

Mama yangu huniuliza, "Nyathina, hiyo kitu ya kubonyezabonyeza itakupatia nini?" Swali lake ni la haki, na hofu yake naielewa. Kuna vijana walioingia kibandani na karo wakatoka mikono mitupu. Lakini tuite kila kitu kwa jina lake. Kilichowala hao ni kamari. Mtu akiweka dau juu ya mechi ya runinga hachezi tena, anabahatisha. Kamari ipigwe marufuku kibandani, na wakati wa kucheza upimwe, hapo mimi nasimama na wazazi bega kwa bega. Ila kuichoma nyumba kwa sababu ya panya si busara. Mkenya Sylvia Gathoni, ajulikanaye uwanjani kama Queen Arrow, alicheza gemu ya Tekken hadi akasajiliwa na timu ya nje ya nchi mwaka 2018. Nikikumbuka hilo, padi mbovu ya Homa Bay hainivunji moyo.

Sasa nije kwa jambo linalotuhusu sisi wa Chama cha Kiswahili. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Uswidi katika mradi ulioitwa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Waliwezaje? Waliweza kwa sababu programu ile ilikuwa huria. Hawakupiga magoti kwa mwenye kampuni. Walifungua, wakatafsiri, wakagawa. Ingekuwa na kufuli, Kiswahili kingebaki nje mlangoni kikibisha hodi.

Wenzangu, tunaimba kila mwaka kwamba Kiswahili kitukuzwe, ilhali tunacheza kwa Kiingereza kila tukishika padi. SuperTuxKart na Wesnoth hutafsiriwa na watu wa kujitolea, na sisi tuna wanachama wanaojua ngeli kama wanavyojua njia ya kwenda mesini. Tujadiliane: "checkpoint" tuiite nini? "Level" ni hatua, ngazi au kiwango? Mjadala kama huo una faida kuliko kukariri misemo ambayo hatutaitumia tena baada ya mtihani.

Tukishajua kutafsiri, tutajaribu kuunda. Ipo programu huria ya kuundia gemu iitwayo Godot, iliyoanzia Argentina na kufunguliwa kwa umma mwaka 2014. Haina malipo, na gemu utakayounda ni yako mwenyewe. Nairobi imekwisha kupata yake, Nairobi X ya mwaka 2015, ambapo viumbe kutoka anga za mbali wanauvamia mji. Je, huku kwetu tumekosa nini? Kaunti yetu ya Migori ina Thimlich Ohinga, ngome ya mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo wa kushikanishia, yenye milango ya chini ambayo lazima uiname ili kupita. UNESCO iliitia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Mahali pa kujificha na kuvizia pazuri kuliko hapo mtaona wapi? Kaunti ya Homa Bay ina ziwa la Simbi Nyaima karibu na Kendu Bay, kijiji kilichozama kwa kumnyima mgeni ukarimu, kama wasimuliavyo wazee. Ina kisa cha Nyamgondho, mvuvi aliyevua mwanamke, akatajirika, kisha akamtukana na kuona ng'ombe wote wakimfuata mama huyo majini. Hizo ni gemu zinazosubiri mtu wa kuziandika.

Mwisho, ombi kwa mwalimu mlezi na kwa wakuu wa shule zetu. Windows 10 iliacha kupata huduma za kawaida za usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inazikataa tarakilishi nyingi za zamani. Nimetembelea shule kadhaa wakati wa mashindano ya mijadala nikaona tarakilishi zimefunikwa vitambaa kama maiti. Msiziuze kwa wachuuzi wa vyuma kuukuu. Linux Mint au Lubuntu inaweza kuingia katika nyingi kati ya hizo. Tena mtu anaweza kuijaribu kutoka kwenye flashi bila kufuta chochote kilichomo, akiona haifai anaichomoa.

Tupeni tarakilishi moja tu, flashi moja, na Ijumaa jioni saa moja ya chama. Tutaanza na orodha ya maneno ya SuperTuxKart. Muhula ukiisha, tutawakaribisha walimu waje wacheze nasi, kwa Kiswahili, na padi nzuri tutawapa wao.