"Mimi si mwanasheria, lakini..."

Jamani, kuna sentensi imenichosha. Inaanza hivi: "Mimi si mwanasheria, lakini..." Baada ya hapo mtu anashusha hukumu nzima kama jaji wa Mahakama ya Rufani. Mambo yakiharibika utamsikia: "Si nilikwambia mimi si mwanasheria?" Kashanawa mikono.

Hebu tuulizane, kinga hiyo inamkinga nani? Msemaji. Aliyeuliza anabaki na hasara yake.

Chukua ile ya miezi sita. Mji mzima unaamini mkiishi pamoja miezi sita tayari mmeoana. Nani kasema? Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160, inataka miaka miwili au zaidi, tena muwe mnajulikana kwa watu kama mke na mume. Hata hapo ni dhana tu, inaweza kupingwa mahakamani. Sasa mfikirie dada aliyetia akiba yake yote kwenye nyumba ya mwanamume kwa kutegemea hiyo miezi sita.

Au mtu kafukuzwa kazi, anaambiwa: "Tulia kwanza, kesi haiozi." Inaoza! Kanuni za 2007 zinatoa siku 30 kupeleka lalamiko la kuachishwa kazi isivyo halali Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ukichelewa, kazi ya kwanza ni kuomba usikilizwe nje ya muda, na uwe na sababu za maana. "Tulia" inaweza kukugharimu haki yako yote.

Najua mawakili watadakia: ndiyo maana tunasema mtuachie wenyewe. Hapana, waheshimiwa. Wakili ana bei, na sheria zetu ziliandikwa kwa Kiingereza miaka nenda rudi. Mpaka 2021 ndipo Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na mahakama. Watu wataulizana tu. Isitoshe, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria ambao si mawakili. Kutokuwa wakili si dhambi.

Dhambi ni kutumia unyenyekevu wa uongo kama leseni ya kubahatisha. Unataka nikuamini? Niambie ni sheria gani, ya mwaka gani. Niambie kama ni ya Bara au Zanzibar, maana Sheria ya Ndoa niliyoitaja haivuki bahari. Niambie unapoishia kujua, na kabla ya yote niambie kama kuna siku zinahesabika. Hapo nitakuamini hata kama hujawahi kuvaa joho.

Kama huwezi, basi sema "sijui, wahi kwa msaidizi wa kisheria", halafu nyamaza. Hiyo haihitaji "lakini".

Au nakosea? Semeni.