Wanaume Nao Wapewe Sindano ya Pepopunda
SAFU YA JUMAMOSI, na Zuhura Makame

Seli mbili za neva hazigusani. Kati yake pana mwanya wa nanomita 20 hivi, na habari huuvuka kwa kemikali iliyohifadhiwa ndani ya vifuko vidogo mno, kila kimoja kikiwa na kipenyo cha takriban nanomita 40. Umeme wa neva ukifika ukingoni, vifuko vilivyo tayari huungana na utando wa seli na kumwaga kilichomo, na seli ya pili hupokea. Shughuli yote haifiki sehemu moja ya elfu ya sekunde. Huwezi kumeza mate, kukunja kidole wala kumkumbuka mama yako bila vifuko hivi. Na upo ugonjwa tunaoujua sote, pepopunda, ambao kiini chake ni kuvizuia visimwage.

Aliyetufungulia mlango wa jambo hili ni Bernard Katz, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler mwaka 1935 akapata hifadhi London. Katika miaka ya 1950, yeye na wenzake Paul Fatt na José del Castillo walipima umeme kwenye misuli ya chura. Waligundua kwamba ujumbe wa neva hutoka kwa vipimo kamili: kimoja, viwili, vitatu, hakuna kimoja na nusu. Muongo huohuo hadubini za elektroni zikaonyesha vifuko vyenyewe, vimejazana kwenye ncha za neva. Katz alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1970. Wako watu wanaoona utafiti wa namna hii ni anasa ya matajiri, nami napingana nao kwa nguvu zangu zote, kwa sababu misuli ile ya chura imetueleza kinachomtokea mkulima wetu aliyejikata kwa jembe.

Vijidudu vya pepopunda hukaa udongoni na kwenye kinyesi cha mifugo. Kutu tunayoilaumu siku zote haina hatia. Msumari hudhuru kwa sababu hutoboa kwa kina na kuupeleka udongo mahali pasipo na hewa, na hapo vijidudu hustawi na kutoa sumu. Sumu hiyo huingia kwenye neva na kupanda taratibu hadi uti wa mgongo. Huko ziko seli ambazo kazi yake ni kuituliza misuli, na sumu huzivamia hizo hasa. Mwaka 1992 watafiti wa Padova, Italia, walionyesha inachofanya: inakata protini moja, sinaptobrevini, ambayo bila hiyo kifuko hakiwezi kuungana na utando. Kemikali ya utulivu ipo, imejaa tele, lakini haitoki. Mwili unakuwa lori lililokatika breki mteremkoni. Taya hukaza, shingo hukakamaa, mgongo hupinda kama unataka kuvunjika, na mlango ukibamizwa tu mshtuko mwingine huanza. Akili ya mgonjwa haipotei. Anayasikia maumivu yote.

Jambo moja katika maelezo hayo lingepaswa kutunyima usingizi. Sumu ikishaingia ndani ya neva, dawa ya kuipinga haiifikii tena. Daktari ataisaka ile iliyobaki nje, atasafisha jeraha, atamtuliza mgonjwa na kumsaidia kupumua. Ncha za neva zitachukua majuma kadhaa kurejea kazini, na si kila hospitali ya wilaya ina mashine ya kumpumulia mtu kwa muda huo. Akipona, hana kinga, maana sumu inayotosha kuua ni kidogo mno kuuamsha mwili ujilinde. Tena pepopunda haiambukizwi na mtu, inatoka ardhini, kwa hiyo chanjo ya jirani haikusaidii kitu.

Kwa kina mama na vichanga, nchi zetu zimefanya kazi ya kujivunia. Sindano ya kliniki ya wajawazito humpa mtoto kinga kabla hajazaliwa, na wembe safi hukilinda kitovu chake. Uganda ilithibitishwa kuitokomeza pepopunda ya uzazi mwaka 2011, Tanzania 2012, Kenya 2018. Lakini kijana wa kiume huchanjwa utotoni, kinga ikapungua kadiri anavyokua, na hakuna kliniki inayomwita tena. Huyo ndiye anayelima, anayechinja, anayebeba mbao, anayeanguka na bodaboda.

Onyo tulishapewa. Katika miaka ya 2010, mpango wa kutahiri wanaume ili kupunguza maambukizi ya VVU mashariki na kusini mwa Afrika uliripoti wagonjwa wa pepopunda miongoni mwa waliotahiriwa, na wengine walifariki. Hawakwenda kujeruhiwa shambani. Walikwenda kutafuta afya, wakiwa watu wazima wasio na kinga, na ilibidi kidonda kidogo kitufichulie pengo la miaka mingi.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza dozi 6, kwa wasichana na wavulana sawasawa: tatu za uchanga, kisha za nyongeza katika mwaka wa pili, kati ya miaka 4 na 7, na kati ya miaka 9 na 15. Wizara zetu za afya zisiichukulie ratiba hiyo kama mapambo. Wahudumu tayari huenda shuleni kuwachanja wasichana dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Waende na sindano ya pepopunda katika safari hiyohiyo, na wavulana waitwe wapange foleni. Na zahanati ikimpokea mwanamume mwenye jeraha, aulizwe alichanjwa lini mara ya mwisho kabla hajafungwa bandeji na kurudishwa shambani.