AC zetu hazisalimiani, bili tunalipa sisi

Najua nimepotea, UE zilinibana mbaya. Nimerudi, na nimerudi na ugomvi. Ugomvi wenyewe ni wa AC, msicheke kwanza.

Kuna ukumbi mmoja wa mihadhara, jina nahifadhi maana bado nataka kumaliza chuo, una AC sita za ukutani. Kila moja na rimoti yake, na nusu ya hizo rimoti hazijulikani ziko wapi. Ya mbele imesetiwa 16, ya nyuma 26, za katikati Mungu ndiye anajua. Waliokaa mbele wamevaa majaketi kama wako Makete, wa nyuma wanajipepea na desa. Lekcha anauliza nani kagusa AC. Hakuna aliyegusa, mwalimu. AC zenyewe hazijui kama ziko sita.

Hapo ndipo ishu ilipo. Hatuna upungufu wa AC, tuna AC zisizoongea. Kila moja inapima joto peke yake, inaamua peke yake, haimwambii mwenzake kitu. Ile ya 16 kompresa yake haipumziki toka asubuhi, ile ya 26 imelala fofofo. Inayobeba mzigo wa wote inakufa mapema, halafu tunaambiwa AC za siku hizi ni feki. Na nyie mnaoshusha mpaka 16 ili "ipoe haraka": AC ya kawaida isiyo ya inveta kompresa yake inawaka au inazima, basi. Kuseti 16 hakuiongezei kasi, kunaichelewesha tu kuzima.

Kinachotakiwa ni data mbili tu zitembee kati yao: joto lililopo na joto linalotakiwa. Kontrola moja inasema "huku kwangu 28", nyingine inasema "huku 23 na nimeambiwa 24", basi wanagawana kazi. Ukumbi ukiwa mtupu, zote zinapumzika.

Hizi si ndoto za mwanafunzi. Chama cha wahandisi cha Marekani, ASHRAE, kiliunda kamati ya jambo hili 1987, na mwaka 1995, wengi wetu hatujazaliwa, kikatoa kiwango kinachoitwa BACnet. Mwaka 2003 kikawa kiwango cha kimataifa, ISO 16484-5. Humo kila kipimo kina jina na thamani yake ya sasa. Kontrola ya kampuni yoyote inaweza kuuliza, au ikajiandikisha ipewe taarifa pale joto linapobadilika tu, siyo kupigiana kelele kila sekunde. Kwenye kuamuru kuna ngazi 16 za kipaumbele, kwa hiyo amri ya kuokoa maisha inaishinda ya mtu mwenye rimoti. Na kontrola ndogo zinaweza kuunganishwa kwa jozi moja tu ya waya inayotoka hii kwenda ile. Jozi moja, jamani!

Sasa wapo waliojiwekea mifumo ya kisasa, ila ya kufungwa. Data imo ndani, ufunguo anao muuzaji. Mimi nakaa Tabata, na kuanzia Relini mpaka Segerea mafundi wa AC na friji wapo kibao. Wanachomelea bomba, wanajaza gesi, wanabadilisha kapasita, fresh tu. Lakini kontrola ikiwa na paswedi ya mtu aliye nje ya nchi, fundi wa Tabata anakunja mikono. Mwenye jengo anasubiri wakala, anachoka, anatundika AC ya ukutani pembeni ya mfumo wa mamilioni. Huo ni utumwa wa kulipia.

Na tusiambiwe haiwezekani, maana kwenye simu iliwezekana. Mnakumbuka pesa ya mtandao mmoja ilikuwa haiingii moja kwa moja kwenye akaunti ya mtandao mwingine? Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel wakafungua milango, 2016 Vodacom naye akaingia. Biashara ya pesa za simu haikufa, ilikua. Kama M-Pesa ilikubali kuongea na wenzake, AC ni nani akatae?

Kuna wa usalama nao, nawasikia. Watataja duka la Target la Marekani, 2013, wezi walipoingia kwa kutumia akaunti ya kampuni ya mafundi wa majokofu na AC, wakaiba taarifa za kadi kama milioni 40. Kweli kabisa. Ila funzo lake ni kutenga mtandao wa AC na mtandao wa pesa. Na BACnet yenyewe ina aina inayosimba mawasiliano, imo kwenye toleo la 2020.

Mwingine atasema umeme sasa upo, bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 lilianza kuzalisha 2024. Kuwepo si kuwa wa bure, kaka. Pita Segerea usogee mbele kidogo, uone Kinyerezi: mtambo wa kwanza megawati 150, wa pili 240, yote ya gesi. Gesi yetu tuichome kupozea viti vitupu?

Hili lina haraka. Mradi wa HEET, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioidhinishwa 2021, umeleta majengo mapya kwenye vyuo vikuu vya umma. Ni mkopo wadau, tutaulipa sisi. Kwa hiyo kila tenda ya jengo la umma iandikwe mambo matatu. Moja, kontrola zote ziongee lugha ya wazi. Mbili, siku ya kukabidhi jengo, paswedi na orodha ya vipimo vyote vikabidhiwe pia. Tatu, joto la kila ukumbi lisomwe na mwanafunzi yeyote wa uhandisi. Kusoma, siyo kubadilisha, nawajua.

Serikali ya wanafunzi, mkimaliza kugombania posho za kikao, ajenda ndiyo hiyo. Mwenye hoja alete. Na anayesema 16 ndiyo raha aje pia, ila aje na koti lake.