Gari Iliyoinuliwa Pua

Mwaka uliopita katika ukurasa huu nilieleza namna ya kuhifadhi karatasi za nasaba zisiliwe na mchwa, na vijana wakanambia kwamba Mwalimu hana analolijua ila mambo ya kale. Basi mwaka huu nazungumza gari.

Wengi wenu mnaijua Hilux ya marehemu shemeji yangu, ile ya mwaka 2003 yenye milango minne, ambayo imetupeleka Sharqiya kila Idi. Baada ya yeye kufariki ilibaki kwa mwanawe. Kijana akaishika vizuri, akaipiga rangi, akainunulia matairi mapya. Kisha siku moja akaja nayo nyumbani kwangu imeinua pua kama mbuzi anayeyafikia majani ya mkungu. "Mjomba, unaionaje?" Nikamwambia imependeza, maana sikutaka kumvunja moyo, na hilo lilikuwa kosa langu la kwanza.

Miezi miwili baadaye nikaanza kumkosa dada yangu, yaani mamake. Kwenye hitima hakuja. Arusini hakuja, kichwa kinamuuma. Nikapata khabari kwamba hata kwa daktari wa macho amekosa siku zake mbili, na yeye ana maji ya macho yanayotaka kuangaliwa. Nikenda kumtazama. Nilimkuta mzima, anachambua mchele, na kila nililomuuliza akalijibu kwa jambo jengine. Mpaka nilipoinuka kutaka kuondoka ndipo akanambia kwa sauti ndogo, "Ile gari siipandi tena. Goti halifiki. Na sitaki kubebwa mbele za watu kama gunia. Wala usimwambie, amefurahi nayo."

Sikumwambia. Nilimwita tu Ijumaa baada ya sala, nikamwambia kwamba taa za gari yake zinawapiga watu machoni usiku, jambo ambalo ni kweli kabisa, na kwamba tuishushe pamoja.

Sasa nieleze inavyofanya kazi. Gari hii nyuma ina springi za majani, lakini mbele haina springi ya majani wala ya kuzunguka. Ina nondo mbili ndefu za chuma, moja kila upande, zilizolala chini ya gari kuelekea nyuma. Kichwa cha nondo kimeshikana na mkono wa gurudumu, na mkia umeshikwa na kipande cha chuma kinachosukumwa na bolti. Gurudumu likipanda, nondo inajisokota, likishuka, inajisokotoa. Ukiikaza ile bolti unausogeza mkia, na pua ya gari inapanda. Ukiilegeza, inashuka. Ndiyo maana kazi hii yawezekana nyumbani bila ya kununua kitu, na ndiyo maana kila kijana mwenye spana anajaribu.

Mpwa wangu aliamini kwamba kwa kukaza ameifanya springi iwe na nguvu zaidi. Nilimwambia asimame juu ya vidole vya miguu. Akasimama. Nikamuuliza, umekuwa mrefu au umekuwa na nguvu? Nondo ni ile ile na ugumu wake ni ule ule. Kilichobadilika ni pale inapoanzia. Tena gurudumu sasa limeshateremka karibu na mwisho wake, kwa hivyo likikuta shimo halina pa kushukia, linagonga. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuusikia ule mgongo akidhani ni shokomzoba.

Jioni yake tulitia mafuta katika nyuzi za bolti zipate kulegea. Asubuhi tukatafuta mahali palipo sawa, maana nyua zetu zina mteremko wa kutolea maji na vipimo vyake ni vya uongo. Jirani akatupa banda lake, naye ana Hilux kama hiyo haijaguswa tangu kununuliwa. Tulijaza upepo sawasawa, tukapima kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa madigadi. Ya jirani ilikuwa sentimita 48. Yetu ilikuwa 53 upande wa dereva na 52 upande wa pili. Niliandika kwa chaki sakafuni. Mkono wa mwalimu hauachi chaki.

Tukaziba matairi ya nyuma kwa magogo mbele na nyuma, tukainua mbele kwa jaki, tukaweka stendi mbili za chuma chini ya chesisi, magurudumu yakaning'inia. Msiruke hapa. Kwanza, bolti isiyobeba uzito huzunguka bila ya kukwangua nyuzi zake. Pili, hakuna hata mmoja wetu aliyeingia chini kabla stendi hazijakaa, na gari nimeitikisa mwenyewe kwa mikono miwili. Jaki ni ya kuinulia tu.

Tulilegeza nati, kisha bolti mizunguko minne kila upande, tukahesabu kwa sauti. Tukateremsha, nikapima: 52! Nikakasirika, nikaamrisha minne mengine. Tukateremsha tena, bado juu. Kijana akataka kuongeza, nikamwambia hebu kwanza zunguka mtaani. Aliporudi gari imelala kwenye 47, chini kuliko ya jirani. Magurudumu yakiwa yamening'inia kisha yakakanyaga chini, hubaki yamejibana mpaka gari itembee yakae mahali pake. Miaka niliyosomesha hesabu na sikulifikiri hilo. Ikabidi tuinue tena, turudishe mzunguko mmoja na nusu, na upande wa dereva kidogo zaidi. Mara hii tuliitembeza kabla ya kupima. Ikakaa 48 pande zote mbili, tukakaza nati.

Usiku tuliziweka taa mbele ya ukuta tukazipima na zile za jirani. Kesho yake ikenda gereji kufanyiwa alaimenti, kwani kubadilisha kimo cha mbele hubadilisha mkao wa magurudumu. Fundi alitwonyesha matairi yale mapya: yamekwisha kulika kwa nje. Kijana aliyatazama kwa muda mrefu. Alikuwa amelipia pesa nyingi.

Tukiwa njiani kurudi akaniuliza, "Mjomba, ni taa tu?" Nikanyamaza. Akanyamaza naye. Tulipofika kwa mamake hakuingia ndani. Alifungua mlango wa mbele, akaupima urefu wa kikanyagio kwa goti lake mwenyewe, akasimama pale.

Jumatatu alimpeleka kwa daktari wa macho. Dada alishika mpini wa juu ya mlango, akapanda peke yake, akatengeneza buibui lake, kisha akamwambia apunguze baridi ya gari kwani inamwingia masikioni.