Matairi ya langalanga: Kikomo cha mizunguko 25 kilichokaribia kubadili bingwa wa dunia

Desemba 2025 Lando Norris wa McLaren alitawazwa bingwa wa dunia wa mbio za magari za langalanga, yaani Formula One, akiwa na pointi 423 dhidi ya 421 za Max Verstappen wa Red Bull. Pointi mbili tu, baada ya mbio 24. Wiki moja kabla ya hapo, nchini Qatar, timu yake ilifanya uamuzi ambao nusura umnyime taji hilo. Uamuzi wenyewe ulihusu matairi.

Tunarudi kwenye kisa hicho kwa sababu msimu wa 2026 umekuja na matairi mapya, na swali lililoibuka Qatar halijaondoka: nani anapaswa kuamua tairi litembee kwa muda gani, timu au wasimamizi wa mbio?

Mtazamaji wa televisheni huona rangi tatu pembeni mwa tairi. Nyekundu ni laini, njano ni la wastani, nyeupe ni gumu. Mvua ikinyesha huja la kijani, na maji yakizidi huja la bluu. Tairi laini hushika lami vizuri zaidi na kumpa dereva kasi, lakini huchoka mapema. Gumu hudumu, ila ni la polepole. Barabara ikiwa kavu, kila dereva analazimika kutumia angalau aina mbili katika mbio moja, ndiyo maana hakuna anayeweza kumaliza bila kusimama.

Hapa ndipo wengi wetu huchanganyikiwa. Rangi hazitaji aina moja ya mpira kila mahali. Kampuni ya Pirelli ya Italia, ambayo ndiyo pekee inayotengeneza matairi haya tangu 2011, mwaka 2025 ilikuwa na michanganyiko sita ya mpira, kuanzia C1 iliyo ngumu kabisa hadi C6 iliyo laini kabisa, na kwa kila mbio ilichagua mitatu. Monaco, ambako kona ni za polepole na lami haitafuni mpira, ilipeleka C4, C5 na C6. Qatar ilipeleka C1, C2 na C3. Kwa hiyo tairi "gumu" la Monaco lilikuwa laini kuliko tairi "laini" la Qatar.

Qatar ina sababu ya kuogopwa. Uwanja wa Lusail una urefu wa kilomita 5.419 na kona nyingi za kasi zinazoelemea upande wa kushoto wa gari, hasa tairi la mbele. Mwaka 2023 Pirelli ilikagua matairi yaliyotumika mazoezini na kukuta tabaka la juu limeanza kuachana na nyuzi za ndani, baada ya magari kugonga kingo za barabara kwa mwendo mkali. Ukatolewa uamuzi wa ghafla kwamba hakuna seti ya matairi itakayozidi mizunguko 18. Mwaka 2025 kikomo kilitangazwa mapema: mizunguko 25. Hiyo ni kama kilomita 135. Dereva wa basi akiuziwa tairi la namna hiyo angelirudisha dukani siku hiyohiyo.

Mbio zilikuwa za mizunguko 57. Katika mzunguko wa saba Nico Hülkenberg na Pierre Gasly waligongana, na gari la usalama likaingia barabarani. Kubadili matairi kwa kawaida humgharimu dereva zaidi ya sekunde 20. Gari la usalama likiwa mbele gharama hiyo hupungua sana, maana wote wanakwenda polepole. Tena, ukitoa mizunguko saba kwenye 57 inabaki 50, yaani 25 mara mbili kamili. Karibu kila timu iliita magari yake ndani. McLaren, iliyokuwa ikiongoza kwa Oscar Piastri, iliwaacha madereva wake wote wawili waendelee. Mkuu wa timu hiyo, Andrea Stella, alisema baadaye kwamba hawakutarajia karibu wote wengine wangeingia.

Verstappen alishinda. Piastri akawa wa pili, Norris wa nne. Na hata hiyo nafasi ya nne Norris aliipata mwishoni kabisa, pale Kimi Antonelli wa Mercedes alipoteleza na kumwachia njia. Angebaki wa tano, na matokeo ya Abu Dhabi yakawa yaleyale, yeye na Verstappen wangelingana kwa pointi 421, na taji lingekwenda kwa Verstappen kwa kuwa alikuwa na ushindi wa mbio nane dhidi ya saba. Bila shaka Abu Dhabi ingeendeshwa tofauti kama hesabu ingekuwa hiyo. Lakini ukaribu wake unatisha.

Wapo wanaosema kikomo kama kile kinaua ushindani, kwa sababu kinamwondolea dereva mwenye mkono mwepesi faida ya kutunza matairi yake. Wana hoja. Waliosimama mzunguko wa saba hawakuwa na la kuamua tena: walipaswa kurudi mzunguko wa 32, wapende wasipende. Ila kwa maoni yetu, kosa la McLaren lilikuwa la hesabu, na hesabu hiyo ilikuwa wazi kwa kila timu kabla ya Jumapili.

Tena tunajua hali inavyokuwa kikomo kinapokosekana. Mwaka 2005 kanuni zilikataza kubadili matairi katikati ya mbio. Huko Indianapolis, Marekani, Michelin iligundua kwamba matairi yake hayangehimili kona ya 13 yenye mwinamo. Timu, wasimamizi na kampuni wakashindwa kuafikiana. Magari 14 yakaondoka barabarani baada ya mzunguko wa kujipanga, na sita tu yakashindana mbele ya watu waliokuwa wamelipa viingilio vyao. Miaka minane baadaye, Silverstone, Uingereza, matairi ya Lewis Hamilton, Felipe Massa na wengine yalipasuka moja baada ya jingine katika mbio moja. Hayo yalikuwa ya Pirelli, kampuni iliyoombwa itengeneze matairi yanayochoka upesi ili mbio zichangamke.

Ombi hilo halijafutwa. Kwa mwaka 2026 mchanganyiko wa C6 umeondolewa, imebaki mitano, na matairi yamepunguzwa upana, milimita 25 mbele na 30 nyuma, yakibeba magari ya kanuni mpya kabisa. Mbio za Lusail zimepangwa tena kufanyika mwishoni mwa msimu, zikifuatiwa na Abu Dhabi.