Shemeji na mifuko yake ya hewa

Umeshawahi kuitwa kuamua ugomvi wa mke na mume kuhusu springi za gari? Mimi yamenikuta, tena ugenini.

Mwaka jana nilikwenda Texas, Marekani, kumtembelea dada yangu. Yeye ni nesi, mumewe fundi umeme, wana watoto wawili na nyumba yao nje kidogo ya Dallas. Siku ya tatu tu, hata uchovu wa ndege haujanitoka, dada akaniita jikoni. "Mdogo wangu, wewe si ndio mhariri wa mambo ya mapenzi? Haya, kaa hapa utuamulie." Shemeji naye akavuta kiti, kanuna. Moyo ukanilipuka. Nikajua tayari, kuna nyumba ndogo. Kumbe nyumba yenyewe ni tela!

Wenzetu kule wana mtindo wa kusafiri na nyumba nyuma ya gari. Kuna jiko, choo, vitanda, kila kitu. Hii ya shemeji ni ya aina wanayoiita gurudumu la tano. Haifungwi kwenye bampa. Shingo yake inapanda juu ya bodi ya pikapu na kulalia kiunganishi kilichofungwa usawa wa ekseli ya nyuma, kama semi tela linavyolalia kichwa chake. Shemeji aliweka akiba miaka miwili kuinunua, kwa kazi za ziada za wikiendi. Ndoto yake ni kuwapeleka watoto kupiga kambi Hill Country, kule vilimani magharibi ya Austin.

Siku ya kwanza kuifunga, pikapu ikakaa chini nyuma kama kuku anayetaka kutaga. Dada akaona, akauliza, akajibiwa "itakuwa sawa". Wiki mbili baadaye, dada akiwa kazini shifti ya usiku, shemeji akafunga mifuko ya hewa. Karibu dola 400, kwenye kadi, bila kumwambia mwenzake. Dada aliigundua kwenye taarifa ya benki. Hapo ndipo kesi ilipoanzia.

Mimi niliposikia mifuko ya hewa nikafikiri ni ile ya kwenye usukani, inayofumuka ukigonga. Shemeji alicheka mpaka akasahau kununa. Hii ni mingine kabisa: vibofu viwili vya mpira mgumu, kimoja kila upande, kati ya chasisi na ekseli ya nyuma. Unavijaza upepo kama tairi, na mkia wa gari unanyanyuka.

"Twende nje ukaone mwenyewe, shem," akaniambia. Tukaenda. Kiukweli pikapu ilikuwa imenyooka kama rula, na tela lake mgongoni. Akanieleza kwamba sasa taa haziwamuliki wenzake usoni usiku, na gari haliyumbi sana kwenye kona. Akanionyesha na boksi: pauni 5,000, yaani zaidi ya kilo 2,200. Mimi nani nibishe? Nikampa ushindi palepale. Dada akaniangalia kwa lile jicho ambalo dada mkubwa tu ndio analo, akaingia ndani.

Asubuhi yake akanipeleka kwenye pikapu, akafungua mlango wa dereva. Pembeni pale, kwenye fremu ya mlango, kuna kibandiko. Kinasema uzito wa watu na mizigo kwa pamoja usizidi kilo 975. "Soma kwa sauti," akasema. Nikasoma. Akatoa kalamu.

Jamani, nesi akianza hesabu usimkatize. Tela likiwa na mizigo yake lina uzito wa kilo 4,540 hivi. La aina hii huwa linaegemeza kati ya asilimia 15 na 25 ya uzito huo kwenye pikapu. Akachukua 20, ikaja kilo 907. Kiunganishi chenyewe 70. Yeye na mumewe 170. Watoto 50, maana bado wadogo. Vifaa na boksi la barafu 40. Jumla 1,237. Toa 975. Akapigia mstari 262 mara mbili.

"Na mifuko je?" nikauliza, nikimkumbuka mteja wangu wa jana.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mifuko inanyanyua mkia, basi. Ekseli ni ileile, breki zilezile, rimu na matairi ni yaleyale yenye kikomo chao kimeandikwa ubavuni. Zile pauni 5,000 za kwenye boksi ni nguvu ya mifuko kunyanyua, haziongezwi kwenye kile kibandiko cha mlangoni. Watengenezaji wenyewe wanaonya kwenye maelekezo kwamba usizidishe uzito uliowekwa na kiwanda cha gari. Shemeji alikuwa ameyatupa maelekezo. Wanaume!

Na tusiwacheke sana, maana hapa kwetu ndio mchezo wetu. Pikapu ikilala, fundi anaongeza springi, mzigo unapanda tena. Gari likisimama vizuri tunaona limepona.

Lakini nisiionee mifuko, ina kazi yake. Kama uzito wako uko ndani ya kikomo na bado mkia unalala, au springi za gari ni laini na linayumba ukipitwa na lori, inasaidia sana. Wengi wanaovuta matela haya kwa pikapu iliyotengenezwa kwa uzito huo hawaihitaji kabisa. Kosa la shemeji lilikuwa kuiuliza mifuko swali la mizani.

Na mizani ikaja. Shemeji hakukubali hesabu ya kalamu, akasema twende tukapime. Kwenye vituo vya malori kule kuna mizani ya kulipia, CAT Scale, dola chache tu, hata mwenye pikapu anapanda. Inapima kila kundi la ekseli peke yake na kukupa karatasi. Tukaenda familia nzima, watoto nyuma wanaimba, mama mdogo nimebaki chini kushika mkoba. Ekseli mbili za pikapu zikaja pauni 10,580. Kikomo cha pikapu ile, na chenyewe kimeandikwa mlangoni, ni 10,000. Pauni 580 zaidi, yaani zilezile kilo 262 za dada, na kidogo juu. Na gari limenyooka kama rula!

Kurudi nyumbani hakuna aliyeongea. Usiku, watoto wamelala, dada akasema, "Baba watoto, mimi sina ugomvi na tela. Nina ugomvi na wewe kununua kitu cha kunifanya nisione." Shemeji akakaa kimya muda mrefu. Halafu akasema kwamba muuzaji alimwambia pikapu yake italivuta vizuri, naye hakuuliza kama italibeba. Kuvuta, injini ya dizeli inaweza. Kubeba ni habari nyingine, na injini nzito ya dizeli ndiyo inayopunguza nafasi ya mzigo. Alipoona mkia umelala alijua amekosea, ila angeanzaje kumwambia mkewe kwamba akiba ya miaka miwili imeingia kwenye tela ambalo gari lao haliliwezi?

Mimi nikajifanya naosha vikombe.

Walijaribu kupunguza. Walitoa jenereta kwenye sehemu ya mizigo ya mbele, ambayo iko karibu kabisa na shingo, wakaondoa vifaa na viti vya ziada. Uzito ukashuka, lakini haukufika. Dada akakataa kata kata kuwapakia watoto. Mwishowe wakamlipa mtu mwenye pikapu kubwa, ile ya matairi manne nyuma, akawapelekea tela mpaka kambini Hill Country, likakaa huko msimu mzima. Wao wakawa wanafuata na pikapu tupu, Ijumaa jioni wanaondoka, Jumapili wanarudi. Picha ninazo. Shemeji anachoma nyama, dada kalala kwenye kiti na kofia usoni.

Mifuko bado imo kwenye gari. Shemeji anaitia upepo kidogo tu, maana haitakiwi kukaa mitupu.

Mwezi uliopita ameanza kuulizia bei ya pikapu kubwa. Dada kanipigia simu kunipa habari. Safari hii, kabla hata ya kuuliza bei, kamtumia kwanza picha ya kibandiko cha mlangoni.